Pima Maji ya Kibet: Kutoka Lodwar hadi Kaplong

Niliondoka Lodwar kwa sababu ya simu moja. Aliyenipigia ni Kibet, mwenzangu wa kazi ya vigae kwa miaka kumi na saba, akiwa nyumbani kwa mama yake karibu na Kaplong. Ulimi wake ulikuwa bado mzito, akazungumza polepole kama mtu anayetembea penye utelezi.

"Niletee vyombo vyangu," alisema. "Vyote. Nataka kumwekea mama sakafu."

Miezi mitano kabla ya hapo tulikuwa tukiweka sakafu ya duka moja pale Lodwar. Kibet alikuwa amepiga magoti, mwiko mkononi, akainama polepole kama mtu anayetafuta kitu chini, kisha hakuinuka. Kiharusi. Upande wake wote wa kushoto ulilegea. Kaka yake alikuja akamchukua, na vyombo vikabaki kwangu. Mafundi wengine waliniambia nitafute mwenzangu mpya. Sikutaka kusikia. Nilijiambia kwamba mkono wake wa kulia uko salama, na wa kushoto nitakuwa mimi. Akiweka sakafu moja tu, hata ya chumba kidogo, atajua bado ni fundi, na tutarudi barabarani. Sina mke wala shamba la kunishika mahali. Nilichokuwa nacho ni kazi na Kibet.

Jioni kabla ya kuondoka nilifunga vyombo kama yeye alivyokuwa akifunga. Kila mwiko niliufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya dizeli, nikaukunja katika blanketi kuukuu. Gurudumu la kikatio, lile dogo linalochora mstari juu ya kigae, nililivika kipande cha tyubu ya baiskeli. Sponji niliianika mpaka ikakauka kabisa, maana sponji mbichi ikilala na chuma usiku mmoja tu, asubuhi utakuta kutu. Spesa zote, zile plastiki ndogo za kutenganisha vigae, zilikuwa ndani ya mkebe wa kakao. Nyundo ya mpira na skweya ya kupimia pembe vikaingia pembeni. Begi likajaa.

Pima maji, ile ya kupimia usawa wa sakafu, haikuingia. Ilikuwa ndefu kuliko begi, na Kibet hakuwahi kuiweka ndani ya begi hata siku moja. Ilikuwa ya alumini, ya manjano iliyochujuka, na kwenye ncha moja alikuwa amechoma herufi ya jina lake kwa msumari wa moto. Alipofanya kazi, ncha hiyo ilikaa kulia kwake siku zote. Safarini aliisimamisha katikati ya magoti yake kama mzee na fimbo. "Hii ikigongwa," alipenda kusema, "haitakwambia. Itaendelea kukutazama usoni na kukudanganya."

Saa kumi na moja alfajiri basi liliondoka Lodwar. Begi lilikwenda kwenye buti, pima maji ikabaki na mimi. Kuna joto la Turkana ambalo huamka kabla ya jua, na barabara ya Lokichar hadi Kainuk ina mashimo ambayo kila msafiri huyahisi kwenye meno. Kila basi liliporuka niliinua ile pima maji isiguse sakafu. Mama mmoja aliyekaa kiti cha pembeni aliniuliza kama nimebeba bunduki. Nikamwambia ni ya kupima kama dunia imelala sawa.

"Na imelala sawa?" akauliza.

"Si hapa Kainuk, mama."

Akacheka, akanipa karanga.

Kitale tulifika mchana, nikalala Eldoret, na kesho yake nikapanda basi la kupitia Kericho. Baada ya Londiani hewa ilibadilika. Baridi iliingia kwa dirisha pamoja na ile harufu ya majani mabichi, na mara nikaona chai, kijani kilichokatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, kilima baada ya kilima.

Kericho ndipo nilipozaliwa, ingawa kwetu ni Kisii. Baba alikuwa mchuma chai, na tulikaa laini za wafanyakazi, nyumba ndogo za duara zilizopakwa chokaa, kila moja na namba mlangoni. Basi lilipopita karibu nilisimama nizitazame. Mashine sasa zinachuma chai iliyokuwa ikichumwa na watu, na nyumba nyingi zilikuwa hazina moshi. Ile ya kwetu sikuitambua. Nilikaa, nikaishika pima maji kwa mikono miwili. Nilipoondoka hapo nikiwa na miaka kumi na tisa niliapa sitakaa mahali ambapo namba ya mlango inaweza kuchukuliwa siku kazi inapoisha. Nimetimiza kiapo hicho vizuri mno.

Saa tisa alasiri nilishuka Kaplong. Mvua ya huko huja saa hizo kama mtu wa zamu. Hadi kwa kina Kibet kulibaki kilomita chache za barabara ya udongo mwekundu, na nilikuwa nimepanga kutembea. Lakini mwenye pikapu mmoja, Langat, alinisikia nikiulizia njia.

"Kwa Bot Kibet? Mama yake Kibet ni jirani yangu. Ingia mbele, utanyeshewa bure."

Mbele kulikuwa na mkewe tayari. Hapo ndipo nilipokosea, na nimelirudia kosa hilo akilini mara nyingi kuliko sala yoyote. Niliona aibu kumsonga mama wa watu na chuma kirefu kati ya magoti. Langat naye akasema, "Hiyo weka nyuma, mzee, nyuma ni tupu." Nilikuwa nimeishikilia kutoka Lodwar, siku mbili nzima. Zilibaki dakika ishirini. Nikailaza nyuma juu ya begi, nikaifunika turubai.

Katikati ya njia tulisimama kwa Langat. Mkewe alituingiza ndani, akamimina mursik kutoka kwenye kibuyu, ule mtindi wenye rangi ya majivu. Huku, mgeni hawezi kukataa mursik halafu aendelee na safari yake kwa amani. Nilikunywa, nikajibu maswali ya Lodwar, nikamsifu ng'ombe. Langat alitoka kidogo kisha akarudi akipangusa mikono. Tulipokwenda garini niliona magunia sita ya mbolea yamepangwa nyuma, ya kupeleka kituo cha chai. Turubai lilikuwa chini yake.

"Vyombo vyangu viko chini?" niliuliza.

"Usijali, ni chuma. Chuma haiumwi na mbolea."

Alikuwa mtu mwema na mvua ilikuwa ikinyesha. Niliingia mbele.

Nyumba ya mama yake Kibet iko kwenye mteremko, chai upande wa juu, malisho ya ng'ombe wawili upande wa chini. Kibet alikuwa ameketi barazani. Alikuwa amekonda, na nusu ya uso wake ilitabasamu wakati nusu nyingine ikingoja.

"Mkisii," alisema. "Nilidhani umeuza vyombo vyangu ununue ndizi."

"Nilijaribu. Walisema vimezeeka kama mwenyewe."

Aliinua mkono wa kulia, nikaushika. Ulikuwa na nguvu. Nilifurahi kwa sababu ya nguvu hiyo kuliko nilivyofurahi kwa jambo lolote mwaka huo.

Mama yake alitoka akiwa na kuni. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa. "Chamgei, weri," alinisalimu, akiniita mwanawe kwa lugha yao. "Wewe ndiye umekaa na huyu miaka yote? Na hukumwambia kwamba ana mama?"

"Nilimwambia, Mama. Alikuwa akinijibu kwamba atakuja nyumbani baada ya kazi hii moja."

"Kazi hii moja," alisema. "Mkewe pia alingoja kazi hiyo moja, mpaka akarudi kwao Sigowet. Mimi sina kwetu kwingine, ndiyo maana nimebaki."

Kibet alitazama chini. Mwaka uliopita kaka yake alikuwa amemwaga zege ndani ya chumba cha mama, lakini juu yake hakukuwekwa kitu. Vigae vilikuwepo. Viko chini ya kitanda changu, Kibet alisema, angalia. Nilivuta katoni ya kwanza, nikaifungua. Vilikuwa masalio ya kazi zetu zote. Kila tulipomaliza mahali, Kibet aliomba vipande vilivyobaki, akavituma nyumbani kwa basi au kwa lori la mtu. Nilikuwa nikimcheka kwa hilo. Kulikuwa na vya kijivu vya ile benki ya Kitale, vya rangi ya udongo vya hoteli ya Maralal, vyeupe vya zahanati ya Kapenguria, vya bluu ambavyo mimi nilikuwa nimevisahau na yeye hakuvisahau. Hakuna rangi iliyotosha chumba. Zote pamoja zilitosha, na hata kigae kimoja hakikuzidi.

Asubuhi ya tatu tulianza. Mimi nilichanganya mchanga na saruji, nikabeba, nikakata. Kibet aliketi chini juu ya gunia lililokunjwa, mguu mbovu umenyooshwa, akatandaza na kulaza kila kigae kwa mkono wa kulia. Nilipompa pima maji nilimpa kama alivyoizoea, herufi yake kulia. Zamani, kila baada ya safu chache, angeigeuza ncha kwa ncha na kusoma tena. Ndivyo fundi anavyoikagua isimdanganye. Sasa kwa mkono mmoja kuigeuza ilikuwa taabu, na mimi sikutaka kumgeuzia, aone namhurumia. Tone la hewa lilikaa katikati kila mara.

"Ona," alisema siku ya kwanza. "Mkono haujasahau."

"Ungesahau vipi? Mkono wako una kiburi kuliko wewe."

Siku tano tulifanya kazi hivyo. Mama yake alilala jikoni, akatuletea chai na kutukagua. "Hiki cha bluu kimetoka wapi?" Kibet alimwambia, naye akacheka kwamba nyumba yake itakuwa na benki na hospitali, imekosa kituo cha polisi tu. Kibet alianza kuzungumza juu ya kazi ya Bomet aliyoisikia redioni, majengo mapya, vyoo vingi. "Mwezi wa nane," alisema, "tukienda polepole." Aliacha kuburuta maneno. Wakati mwingine nilisahau kwamba aliwahi kuugua.

Siku ya saba tangu tuanze, grauti ya kuziba nafasi kati ya vigae ilipokuwa imekauka na kitanda cha mama kimerudishwa, alitaka kikombe cha maji. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikabidhi kila kazi. Angemwaga kikombe kimoja katikati ya chumba mbele ya mwenye nyumba, na maji yangebaki palepale, duara tulivu, naye angesema, "Hata maji yamekubali." Mama alisimama mlangoni. Kibet aliinama, akamwaga.

Maji yalikaa kidogo kama yanayofikiri. Kisha yakanyooka, yakatambaa juu ya kigae cha Kitale, juu ya cha Maralal, yakaingia chini ya kitanda.

Kibet alimwaga tena, mahali pengine. Yakafuata njia ileile. Chumba kizima kilikuwa kimeinama, safu kwa safu, kwa mpangilio, kama kazi ya mtu ambaye kichwa chake chenyewe kimeinama. Alikitazama kikombe, akakirudisha kwa mama yake. Alichukua mwiko, akaufuta pande zote mbili, akauweka ndani ya blanketi. Alifanya hivyo taratibu sana.

"Basi," alisema. "Nimejua."

Kutoka hapo hakutaja tena Bomet.

Siku mbili baadaye mama aliniomba nimpigie rafu ya vyombo jikoni. Niliweka pima maji juu ya ubao, tone likakaa katikati. Niligeuza ncha kwa ncha, kwa mazoea tu, bila kufikiri. Tone likakimbia hadi pembeni. Nikageuza tena. Nikainua ile alumini hadi jichoni, nikatazama urefu wake, nikaona tumbo dogo, kama upinde wa mtoto. Kwenye kijitundu kinachoshika chupa ya tone palikuwa na chembe tatu nyeupe za mbolea, zimegandia pale.

Nilikaa chini jikoni. Mkono wa Kibet haukuwa umekosea chochote. Ulikuwa umefuata kwa uaminifu kila uongo niliompa.

Nilimkuta malishoni, nikamweleza yote, aibu yangu, mursik, magunia. Nikamwonyesha pima maji. Aliitazama, kisha akanitazama mimi, na tabasamu lile la nusu likaja.

"Umeipinda saa ngapi?" aliuliza.

"Kibet, nakwambia ni mbolea."

"Unakumbuka yule daktari wa Kapenguria? Nilipasua sinki yake. Wewe ulimwambia ilitoka dukani ikiwa na ufa. Uliapa kwa jina la mama yako. Na kule Maralal, na kule Moyale. Nyambane, wewe ni mtu wa kunisitiri, na unanisitiri vizuri. Lakini hii wacha."

"Naapa…"

"Ndiyo hivyo unavyoanza." Akakwangua chembe moja ya mbolea kwa ukucha. "Mbolea iko kila mahali huku. Hata kwa nywele za mama. Na hata kama ni kweli, sikiliza. Zamani nilikuwa naisikia sakafu kwa nyayo. Pima maji ilikuwa ya kuwaonyesha wenye nyumba. Nimetembea juu ya sakafu ya mama siku tano, sikusikia kitu."

Mguu wake wa kushoto hausikii hata moto.

Nilikwenda kwa mama. Nilimwambia nitavunja sakafu yote, nipime upya kwa mpira mrefu uliojazwa maji kama mafundi wa zamani, nimwonyeshe Kibet kwa macho yake. Vigae vitakavyopasuka nitatafuta vingine. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Nimelala juu ya udongo na zege tupu maisha yangu yote," alisema. "Mwanangu amenipa sakafu kwa mkono wake. Wewe unataka kuchukua nyundo?"

"Imeinama, Mama. Maji yanakwenda kitandani."

"Nitahamisha kitanda."

Na alikihamisha, siku hiyohiyo, peke yake, akikisukuma kwa kiuno. Kibet alisikia kishindo cha kitanda kutoka barazani. Najua alisikia, kwa sababu alifumba macho.

Nilikaa majuma mawili zaidi. Kila siku nilitafuta njia mpya ya kumwambia. Nilimleta Langat athibitishe magunia, akathibitisha, na Kibet akamshukuru kwa kuwa rafiki mzuri wa Mkisii. Nililaza uzi kando ya ile pima maji, aone tumbo lake. Nilichora kwenye karatasi. Kila nilipoanza, alikuwa mpole zaidi, na baadaye hakula. Mvua ya mawe ilipiga chai mchana mmoja, majani yakalala chini yamechanika, naye alitoka akasimama katikati ya mistari ya chai akitazama, kama kwamba hatimaye kitu kingine kimevunjika.

Siku niliyoondoka, asubuhi, mama aliniita kando ya zizi. Alikuwa amenifungia mahindi ya kuchemsha kwa safari, ingawa sikuwa nimesema naondoka.

"Weri, mimi nakuamini," alisema kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kama anayo. "Nilijua siku ile ulikaa jikoni. Lakini kila ukimwambia, anasikia kwamba unamhurumia. Anakufa kidogo. Enda. Na ukirudi siku moja, ukija na maneno hayo, usije."

"Nikija bila hayo, nitakuja na nini?"

Alinishika kichwa kwa mikono miwili kama kuhani, akaniombea kwa lugha yao, mimi nikasema amina.

Kibet alitaka nichukue vyombo vyote. "Vikikaa hapa vitaota kutu," alisema. Nilivifunga mbele yake, na alinikosoa mara mbili juu ya blanketi. Pima maji iliyopinda tuliiacha imelala kati yetu barazani, na hakuna aliyeigusa.

Nimejifunza nini katika safari hiyo? Kwamba chombo cha kupimia husafiri mikononi mwa mtu mpaka mlangoni, si mpaka karibu na mlango. Kwamba ukifika, kabla ya kunywa chochote, unakigeuza ncha kwa ncha, hata wenyeji wakikuona huna adabu. Hayo ninayafanya sasa kila ninapokwenda. Mengine niliyojifunza hayasaidii kazi. Kwamba mtu uliyemsitiri kwa uongo miaka kumi na saba, siku ukiwa na ukweli mmoja tu wa kumpa, hana mahali pa kuupokelea.

Tulikuwa bado barazani, nimeshaweka begi begani, wakati mtu mmoja alipoingia kwa lango akiwa na gambuti za matope. Alikuwa anatoka upande wa pili wa kilima. Alisalimia, akavua kofia.

"Wameniambia hapa kuna fundi wa tiles," alisema. "Nyumba ya msichana wangu iko tayari."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama mimi, si mgeni.

"Alikuwepo," Kibet alisema kwa upole, akaninyooshea mkono wake wa kulia, ule mzuri. "Ndiye huyu, lakini anaenda safari."

Yule mtu alinigeukia. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, kwamba fundi mwenyewe ndiye yule aliyeketi barazani. Nilimwambia kwamba ni kweli, kwamba pole, nimeitwa mbali. Kisha nikashuka kati ya mistari ya chai bila kugeuka.